Kabla Hujafunga Faili, Jiulize Umeelewa Nini

Simu ya mwanafunzi wa chuo siku hizi ina vitabu vingi kuliko kabati la mhadhiri wake. Vitini vimo, riwaya zimo, kamusi imo, na vingi vilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa usiku wa kuamkia mtihani. Wazazi wanaoliona hilo hugawanyika. Wapo wanaoshukuru kwamba fedha ya vitabu imepungua, na wapo wanaoshikilia kuwa bila karatasi mtu hajasoma. Nimesikia ubishi huo kwa walimu, kwa wauza vitabu na kwa wasomaji wa kila rika, na naona unapita kando ya jambo lenyewe. Hatari kubwa ya kusomea kwenye kioo ni kwamba msomaji humaliza akiwa na hakika ameelewa, kumbe maneno yamempitia tu.

Hatari hiyo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Israeli, Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walipewa maandishi ya kujifunza, wengine kwenye karatasi, wengine kwenye kompyuta. Watafiti walipopanga wao muda wa kusoma, makundi yote mawili yalifanya sawasawa. Wanafunzi walipoachiwa waamue wenyewe wasome hadi lini, wale wa kompyuta walipata alama za chini zaidi, ingawa kabla ya mtihani walikuwa wamejikadiria alama za juu kuliko walizopata. Wale wa karatasi walijikadiria kwa usahihi zaidi.

Msomaji wa kweli anajua kuna sauti ya ndani inayomwambia, rudia hapa, hii haijaingia. Sauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu arudi ukurasa wa nyuma, apige mstari, aulize. Mbele ya kioo inanyamaza mapema. Tumezoea kutumia simu kwa mambo ya haraka, kama salamu, picha, matokeo ya mpira na bei ya vitu, na mwendo huohuo tunaupeleka kwenye kitabu cha biolojia au sheria bila kujua. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa unaelekea sehemu moja, nao ni jinsi ya kuirudisha sauti hiyo kazini, uwe unasoma karatasi au kioo.

Utafiti wa pili unasaidia kujua lini uwe na wasiwasi. Mwaka 2018 Pablo Delgado wa Hispania na wenzake, Ackerman akiwa mmoja wao, walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Kwa jumla karatasi ilishinda, lakini si kila mahali. Tofauti ilionekana kwenye maandishi ya maelezo, yaani yale yanayofundisha, na ilikuwa kubwa zaidi pale msomaji alipokuwa anakimbizana na muda. Kwenye hadithi hawakuona tofauti. Lipo na jambo lingine ambalo wengi hawalitegemei. Kadiri miaka ilivyosogea, faida ya karatasi iliongezeka. Wanaosema kwamba vijana waliokulia kwenye simu wameshazoea na kwamba tatizo litakwisha lenyewe wanapaswa kulitafakari hilo.

Basi kabla ya kufungua chochote, jiulize kusoma huku ni kwa kazi gani. Ukitaka riwaya ya kupumzikia, soma popote unapopenda. Tanzania na Kenya tuna waandishi wanaotoa riwaya za mfululizo kwenye Facebook na WhatsApp, sehemu baada ya sehemu, na wasomaji wao huwafuata kwa hamu ileile ambayo wazazi wetu walikuwa nayo kwa hadithi za magazetini. Huko ni kusoma halali kabisa. Habari za asubuhi nazo hazihitaji karatasi. Kila mji wetu una meza ya magazeti ambako watu husimama asubuhi, wakapitia vichwa vya habari vya mbele na kuendelea na safari zao bila kununua. Kusoma juujuu hakukuletwa na simu, na kuna manufaa yake, mradi mtu ajue kuwa amesoma juujuu.

Mambo hubadilika pale ambapo kutoelewa kuna gharama. Fikiria mkataba wa kupanga nyumba, fomu ya ridhaa hospitalini, barua ya ajira, au mkopo wa simu. Wengi wetu tunabofya kukubali vigezo na masharti tukiwa tumesimama kituo cha daladala, kisha riba na adhabu ya kuchelewesha zinatushangaza mwezi unaofuata. Maandishi ya aina hiyo ndiyo yale ambayo utafiti unasema kioo kinatuangusha, yaani ya maelezo, yanayosomwa kwa haraka. Kama ni kurasa chache, yachapishe. Kama huwezi, kaa chini mahali palipotulia, chukua kalamu, uandike mambo manne: kiasi unachopokea, kiasi unachorudisha, tarehe, na kitakachotokea ukichelewa. Ukishindwa kuandika moja kati ya hayo, bado hujasoma, na usibofye.

Kwa wanafunzi nina maneno marefu kidogo, kwa sababu wao ndio wanaoumia zaidi na ndio wasio na uwezo wa kununua kila kitabu. Siwezi kumwambia mwanafunzi aache PDF wakati kitabu cha kozi ni nakala moja tu maktaba na kinagombewa na darasa zima. Aitumie. Ila asiisome kama anavyoperuzi. Achukue sehemu moja yenye kichwa chake, asome hadi mwisho, kisha aigeuze simu kifudifudi, afungue daftari aandike bila kuchungulia: mwandishi anadai nini, anatoa sababu gani, ametumia mfano upi. Akimaliza afungue faili alinganishe. Mara ya kwanza atashtuka kuona ukurasa aliodhani ameumaliza umemwachia sentensi mbili. Mshtuko huo ndio dawa, kwa sababu umemwonyesha pengo ambalo kioo kilikuwa kimelifunika.

Njia hiyo ina ushahidi mzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma andiko na wale waliolisoma kisha wakajaribu kulikumbuka bila kuliangalia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Anayesoma usiku wa kuamkia mtihani ataona kurudia kunamtosha. Anayesoma ili aje awe muuguzi, fundi umeme au mwalimu anahitaji kujipima.

Halafu chapisha kidogo, kwa akili. Si lazima upeleke kitabu chote steshenari. Katika kozi nyingi kuna sura mbili au tatu ambazo zikieleweka, zilizobaki hufunguka. Hizo ndizo za kutolea kopi. Omba zichapwe pande zote mbili za karatasi, acha pembeni nafasi ya kuandikia, na hakikisha namba za kurasa zimebaki ili ukirudi kwenye faili usipotee. Kopi hiyo ichafue kwa kalamu. Bishana nayo, chora mishale, andika swali lako la kumuuliza mwalimu. Kitabu cha maktaba hakiruhusu hivyo, na kwenye simu kazi hiyo inachosha kiasi kwamba wengi hawaifanyi.

Kuna jambo kuhusu karatasi ambalo madrasa za pwani yetu zimelijua kabla ya maabara yoyote. Anayehifadhi Qurani hushauriwa ashike msahafu wa chapa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chapa ya Madina, ile inayotolewa na kiwanda cha uchapaji cha Mfalme Fahd kwa hati ya Uthman Taha, ina kurasa 604, mistari 15 katika kila ukurasa, na kila ukurasa huishia pale aya inapoishia. Kijana akishaizoea, kila aya inakuwa na makao yake. Hii iko ukurasa wa kulia, karibu na juu. Ile ndiyo inayofungua ukurasa wa kushoto. Anaposoma kwa moyo, macho yake yanaona pale mahali. Mpe msahafu wa mpangilio mwingine, maneno yakiwa yaleyale herufi kwa herufi, atasitasita, kwa kuwa aya imehamishwa nyumba aliyoizoea. Mashehe hawakuhitaji takwimu kuliona hili. Walikaa na wanafunzi, wakaona nani anashika na nani anapoteza.

Kumbukumbu ya mahali hufanya kazi kwa vitabu vingine pia. Anne Mangen wa Norway na wenzake wa Ufaransa walichapisha mwaka 2019 utafiti ambamo watu 50 walisoma hadithi moja ya kurasa 28, nusu yao kwenye kitabu cha karatasi na nusu kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Maswali mengi waliyajibu sawa. Walipotakiwa kupanga matukio kwa kufuatana, lipi lilitangulia na lipi likafuata, wasomaji wa karatasi walifanya vizuri zaidi. Mikono yao ilikuwa imeshika kurasa zilizokwisha upande wa kushoto na zilizobaki upande wa kulia, na inaelekea mwili nao uliweka kumbukumbu.

Kutokana na hayo unaweza kupata faida hata ukiwa na simu tu. Programu nyingi za kusomea zina njia mbili za kuonyesha kitabu: maandishi yanayoteremka bila kikomo, au ukurasa mmoja mmoja unaogeuzwa. Kwa kitabu cha kujifunza chagua ukurasa mmoja mmoja, ili kila wazo libaki na juu yake na chini yake. Ukishaanza na faili fulani, usihamie faili nyingine ya kitabu hichohicho katikati ya kozi. Na unapoandika daftarini, anza na namba ya ukurasa.

Hapa niseme machache kuhusu aina za faili, maana nyingi huitwa PDF kwa mazoea na watu huteseka bila sababu. PDF huhifadhi ukurasa kama ulivyopangwa kwa ajili ya karatasi. Kwenye kishikwambi au kompyuta inapendeza, na kumbukumbu ya mahali inalindwa. Kwenye simu ndogo inakulazimisha uvute, usogeze kulia, urudi kushoto, mpaka sentensi inakatika kichwani. Jaribu kuilaza simu, ukurasa utapanuka kwa upana. EPUB ni aina nyingine, ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo na unaweza kuyakuza upendavyo. Kwa riwaya kwenye simu, hiyo ndiyo ya kutafuta. Tena zipo PDF ambazo ni picha tu za kurasa zilizopigwa skani. Hizo hazitafutiki neno, haziwezi kusomwa kwa sauti na programu, na huchosha macho upesi. Ukipewa hiari, zikwepe.

Unapokaa kusoma, zima data. Hili ni dogo kwa kulisema na kubwa kwa matokeo. Ujumbe unaoingia hauchukui sekunde zake tu, unachukua na muda wa kutafuta tena ulipokuwa umefika, na mara nyingi hurudi palepale, unarudi mstari wa chini yake ukidhani umeshausoma wa juu. Kama unahofia simu ya mgonjwa au ya kazi, acha laini wazi na uzime intaneti peke yake. Pakua kitabu mapema ukiwa na bando, ukisome ukiwa huna. Wanaoishi mahali ambapo mtandao unasuasua wana bahati katika jambo hili moja.

Kisha punguza mwendo kwa mdomo. Fasihi yetu imeishi kwa sauti kwa karne nyingi. Utenzi ulitungwa ughaniwe mbele ya watu, na aliyeusikiliza aliweza kuukosoa mizani. Aya ngumu ya kitabu cha sayansi isome kwa sauti ya wastani, hata kama uko peke yako. Ulimi hauwezi kuruka maneno kama jicho linavyoruka. Ukiona umekwama kutamka sentensi kwa mkazo unaostahili, umegundua sentensi usiyoielewa.

Sitaki mtu asome haya akadhani namtetea mchapaji dhidi ya simu. Kuna wasomaji ambao kioo kimewarudishia kitabu. Watu wengi wakishavuka umri wa miaka 40 huanza kusogeza ukurasa mbali na uso, na mzee aliyeacha kusoma gazeti kwa sababu ya herufi ndogo anaweza kuzikuza akasoma tena bila kumwomba mjukuu. Asiyeona anaweza kusomewa kitabu na simu yake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki vitengenezwe kwa njia zinazowafaa wasioona bila kuomba kibali kwa kila kitabu. Kama una ndugu wa namna hiyo, ulizia huduma hiyo kwenye maktaba na kwenye chama cha wasioona cha nchi yako. Yupo pia Mswahili aliyeko Muscat, Minneapolis au London anayetaka kumlea mtoto kwa Kiswahili, na nauli ya kifurushi inazidi bei ya kitabu. Kwake faili ndiyo duka la vitabu.

Macho nayo yana haki yao. Mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Madaktari wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Linganisha mwanga wa simu na mwanga wa chumba, usisome kioo kinachowaka ndani ya giza. Usiku wa kulala, tafuta karatasi. Utafiti wa Anne-Marie Chang na wenzake nchini Marekani, uliotoka mwaka 2015, uliwafuatilia watu 12 waliosoma kabla ya kulala. Waliposomea kwenye kifaa chenye kioo kinachotoa mwanga walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi, na asubuhi walikuwa na uchovu zaidi. Ni watu wachache, lakini kila mmoja alipimwa kwa njia zote mbili, na mtu yeyote anaweza kujijaribu mwenyewe kwa wiki moja.

Wazazi huniuliza kuhusu watoto kwa wasiwasi mkubwa kuliko wanavyojiuliza wao wenyewe. Kenya ilianza kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016. Nchini Tanzania, vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu. Wakati huohuo Sweden, iliyokuwa imekwenda mbali katika kufundishia kwa kompyuta, mwaka 2023 iliamua kutenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi mikononi mwa wanafunzi. Kwa mtoto mdogo ushauri wangu ni mwepesi kuufuata: kitabu kiwe cha karatasi na mtu mzima awe pembeni. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus uliona kuwa hadithi ileile ikisomwa kwenye karatasi na kwenye kioo, watoto huielewa zaidi kwenye karatasi. Kioo kilifanya vizuri pale tu nyongeza zake zilipoisaidia hadithi yenyewe. Picha za kubofya na michezo isiyohusiana na kisa humtoa mtoto nje ya kisa.

Vitabu vya watoto vya Kiswahili ni ghali kwa familia nyingi, najua. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, hutoa hadithi fupi bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusu watu wazichapishe. Pakua moja, ichape steshenari, ikunje katikati, ibane pini. Mtoto akiandika jina lake kwenye jalada, kitabu kimeshakuwa chake. Msomee, kisha mfunge mdomo mwandishi kwa muda na umwache mtoto akusimulie. Hapo unafanya kazi ileile niliyomshauri mwanafunzi wa chuo, kwa umri tofauti.

Suala la kuhifadhi vitabu, watu hulipa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Karatasi katika pwani yetu ina maadui wengi: mchwa, mende, unyevu wa masika, chumvi ya hewa. Usiweke vitabu sakafuni wala usivibananishe na ukuta wa nje. Acha nafasi ya hewa kupita nyuma ya rafu. Kitabu kikilowa, kikaushe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimefunguka, kwa kuwa jua kali hukausha gundi na kurasa zikaanza kutoka moja moja. Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu, maana baada ya miaka gundi yake huacha doa la kahawia na kula maandishi.

Faili nazo hupotea, tena kwa kimya zaidi. Julai 2009 Amazon iliondoa kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, hiki cha pili tunakijua kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, na wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilitoka mikononi mwao bila kuulizwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, fedha zikarudishwa. Unaponunua kitabu cha kielektroniki, mara nyingi umenunua ruhusa ya kukisoma. Uliza kama unaweza kupata faili lenyewe, na ukilipata liweke mahali pawili, kwa mfano simuni na kwenye kumbukumbu ya nje. Vitabu unavyotaka watoto wako wavirithi, vinunue vya karatasi.

Upande wa pili wa jambo hili, pale kioo kinapoiokoa karatasi, uko Lamu. Miswada ya kale ya Msikiti wa Riyadha, iliyoandikwa kwa mkono, imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Karatasi zile zilikuwa zinapigana na hewa ya bahari, na sasa msomi aliyeko Dodoma au Berlin anaweza kuzisoma bila kuzigusa. Picha hizo haziondoi ulazima wa kuitunza miswada yenyewe. Zinampa mtunzaji nafuu, kwa sababu kila mgeni halazimiki tena kuifungua. Ukiwa na barua za babu, tenzi za bibi au daftari la ukoo, fanya vivyo hivyo. Zipige picha mchana karibu na dirisha, kila ukurasa peke yake, andika tarehe na jina, kisha uzirudishe kwenye bahasha kavu.

Nimeacha la mwisho jambo linaloniuma, nalo ni PDF za vitabu vya waandishi walio hai zinazozunguka kwenye makundi. Chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Kitabu kama hicho kina mwandishi, mfasiri, mhariri, mpanga kurasa na mchapaji nyuma yake, na soko la riwaya za Kiswahili ni dogo. Mchapishaji akichapa nakala chache zikalala ghalani huku kopi za wizi zikisambaa bure, atakataa muswada unaofuata, na mwandishi chipukizi ndiye atakayefungiwa mlango. Sheria za hakimiliki zipo pande zote za mpaka wetu, lakini hakuna askari atakayeingia kwenye kundi la darasa. Uamuzi unabaki kwa anayetuma.

Ukiona kitabu kizuri kimewekwa kundini, angalia kwanza kama mwenyewe amekitoa bure, maana wapo wanaofanya hivyo. Kama hakutoa, usikisambaze. Watumie ujumbe wachapishaji, uulize bei na namna ya kukipata. Wengi sasa hupokea malipo kwa simu na kutuma kitabu kwa basi. Anayeandika hadithi za mfululizo mlipe anapokuomba malipo ya sehemu inayofuata, kwa kuwa hicho ndicho chakula chake. Kama fedha haipo kabisa, changa na wenzako wanne mnunue nakala moja mpokezane, au nendeni maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam imekuwa wazi kwa wananchi tangu 1967. Kitabu usichokiona rafuni ulizia kwa mkutubi, na umwachie jina la kitabu na la mwandishi, ili ajue kuna msomaji anayekihitaji.